Bodi Ilizaliwa Geto: Stori ya Watu Waliounda Sakiti Nyumbani

Wadau, leo tupumzike kidogo na habari za nani kaachana na nani. Kuna stori nimekaa nayo muda, na wengi wenu mnatembea nayo mfukoni bila kujua.

Fungua simu, fungua rimoti ya TV, fungua hata ile chaja ya buku tano ya Kariakoo iliyokufa wiki iliyopita. Ndani utakuta kitu kilekile: kibao chembamba, mara nyingi cha kijani, chenye mistari ya shaba na vifaa vidogo vidogo vimelehemiwa juu yake. Mafundi wetu wanaita bodi, basi. Tumezoea kuamini bodi ni kitu cha kiwandani tu, kinatoka kwenye vyumba vya watu waliovaa makoti meupe na kufunika nywele. Ila ukiifuatilia historia yake unakuta mambo mengine kabisa. Bodi ilianzia chumbani kwa mtu. Tena chumba cha kupanga. Tena mwenye chumba hana kazi wala kibali cha kufanya kazi.

Na tangu hapo, kila mara viwanda vikiichukua na kuifanya kitu cha wakubwa, kuna watu wanairudisha nyumbani. Wengi wao hamuwajui. Leo nitawataja waliosahaulika, na wale maarufu nitawaacha bila majina, maana wao wameshatajwa vya kutosha.

Tuanzie jikoni. Miaka ya 1910 na 1920 redio ilikuwa kitu kipya na ghali. Mtu aliyeitaka na hana hela aliiunda mwenyewe. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vikubwa: valvu za kioo, koili za waya uliozungushwa, kapasita kubwa kama kiberiti. Vilihitaji mahali pa kukaa. Basi jamaa wakachukua ubao wa jikoni wa kukatia mkate, wakafunga vifaa kwa skrubu, wakavuta waya toka hapa hadi pale. Ndo maana mpaka leo kile kibao cha plastiki chenye matundu, ambacho wanafunzi wanachomeka vifaa kujaribia sakiti, kinaitwa bredibodi. Ni ubao wa mkate kweli. Mama mwenye ubao wake sidhani kama aliulizwa.

Uzuri wa waya ni kwamba ukikosea unachomoa, unachomeka kwingine, maisha yanaendelea. Shikilia hapo, maana hilo swali la "nikikosea itanigharimu nini" ndilo linaloendesha stori nzima.

Viwandani nako mambo yalikuwa hivyohivyo, ila kwa wingi. Redio zililehemiwa waya mmoja mmoja, kwa mkono, na waliokaa kwenye mistari hiyo wengi walikuwa wanawake, kutwa nzima wameinamia chuma cha moto. Majina yao hayakuandikwa popote kwenye redio walizozitengeneza.

Sasa aje jamaa wetu. Anaitwa Paul Eisler, kazaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907. Kasoma uinjinia, kamaliza 1930. Tatizo: yeye ni Myahudi, na kwao wakati ule chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda, kazi za uinjinia hazipatikani. Akahangaika na vibarua, na katika kuhangaika huko akafanya kazi kwenye mambo ya magazeti na uchapaji. Hapo akaona jinsi mashine inavyochapa ukurasa mmoja mara elfu bila kuchoka na bila kutofautiana. Kumbuka hicho kitu.

Mwaka 1936 akakimbilia Uingereza. Akapanga chumba Hampstead, London. Geto kabisa. Na humo ndani akajiuliza swali ambalo ukilisikia leo unaona rahisi: kama maneno yanaweza kuchapwa kwenye karatasi, kwa nini nyaya za redio zisichapwe kwenye ubao? Badala ya kuvuta waya mmoja mmoja, chukua bati jembamba la shaba lililogandishwa kwenye ubao usiopitisha umeme, chora njia unazotaka zibaki, halafu dawa ile shaba iliyobaki. Kinachosalia ndo nyaya zako. Akaunda redio kwa njia hiyo, na ikaimba.

Akaipeleka kwa kampuni kubwa ya vifaa vya umeme. Wakaiangalia, wakamkatalia. Sababu waliyompa, kama inavyosimuliwa, ni kwamba wale mabinti wanaounga nyaya ni rahisi zaidi kwa bei na wanabadilika haraka zaidi.

Watu wengi wakisimulia hapa wanamcheka yule bosi. Mi simcheki sana. Kuhusu hao wanawake kulipwa kidogo, hiyo ni aibu yake na ya enzi zake. Ila kwenye kubadilika alikuwa na hoja. Injinia akibadilisha mchoro Jumatatu, binti anahamisha waya Jumanne, basi. Bodi iliyochapwa ikishakosewa imekosewa, huwezi kumwambia shaba irudi. Eisler alikuwa anauza kitu kizuri kwa mtu ambaye bei yake ya kukosea ingepanda.

Vita vikaanza, na Waingereza wakamfungia kambini kama raia wa nchi adui. Mtu kamkimbia Hitler, halafu anafungwa kwa sababu katoka alikotoka Hitler. Akaachiwa 1941, na baadaye akapata kampuni ya uchapaji iliyokubali kumwekea hela. Akasaini mkataba. Sasa vijana, hapa tusikilizane: inasemwa hakuusoma vizuri. Haki za uvumbuzi wake zikahamia kwenye kampuni kwa pauni moja, na yeye akabaki na hisa zake pembeni. Maombi ya hataza aliyaweka 1943. Miaka mingi mbele ilienda kwenye kesi za hataza, na utajiri wa kulingana na kitu alichokileta duniani hakuuona. Akafariki 1992, kipindi ambacho ungehangaika kupata nyumba ya mjini isiyo na bodi ndani.

Wakati yeye anahangaika, Wamarekani walikuwa wanachapa sakiti zao kwa wino wenye madini ya fedha juu ya vigae vya kauri, kwa ajili ya fyuzi za makombora zinazolipuka zikikaribia shabaha. Fyuzi lazima iwe ndogo, ivumilie kurushwa, na zitengenezwe nyingi mno. Hapo mabinti na waya hawakufaa tena. Vita vilipoisha jeshi la Marekani likaendelea: mwaka 1949 watu wawili wa kikosi cha mawasiliano walikuwa na njia ya kuingiza miguu ya vifaa kwenye matundu ya bodi, halafu kuilehemu yote kwa mpigo kwenye risasi iliyoyeyuka. Kuanzia hapo kiwanda hakikutaka tena kusikia habari za waya mmoja mmoja.

Na mtu wa nyumbani je? Alianza kwa kuletewa sanduku. Mwaka 1947 kampuni ya Heathkit ya Michigan, ambayo mwanzoni iliuza ndege za kuunda mwenyewe (mwanzilishi wake alifia kwenye ajali ya ndege), ilinunua mabaki ya vifaa vya jeshi, ikayageuza kuwa osiloskopu ya kuunda mwenyewe kwa bei isiyozidi dola 50. Unapewa vifaa, unapewa kitabu kinachokuongoza hatua kwa hatua, unakaa mezani. Kizazi kizima cha Marekani kilijifunza kulehemu hivyo. Ila kulehemu kitu alichobuni mwenzako ni kama kupika wali kwa maelekezo ya nyuma ya pakiti. Kubuni bodi yako mwenyewe ni habari nyingine.

Hapa sasa nataka tukae kidogo, maana ndo sehemu ninayoipenda.

Kwa miongo kadhaa, mtu aliyetaka kutengeneza bodi nyumbani alikuwa mpishi. Unanunua ubao uliofunikwa shaba upande mmoja. Unausugua kwa steeluu mpaka ung'ae, na ukishausugua huugusi tena kwa vidole, maana hata mafuta ya ngozi yanazuia dawa kula. Unachora njia zako kwa kalamu ya wino usiofutika, au kwa utepe mwembamba unaoubandika kwa uvumilivu wa mtu anayesuka rasta. Halafu unamimina feriki kloraidi kwenye beseni la plastiki, maana ukiweka la chuma utalipoteza na beseni lenyewe. Dawa ni ya kahawia kama chai iliyokolea. Ikidondoka kwenye shati, shati limeshakuwa la kushindia nyumbani. Ikidondoka kwenye sinki, jiandae kujieleza.

Unatumbukiza ubao, unatikisa taratibu. Dakika kumi, ishirini, kutegemea joto la dawa. Shaba inaanza kupotea kwenye kingo, halafu katikati, mpaka unabaki na ile mistari uliyoichora. Unasuuza, unafuta wino, na chini yake shaba inatoka safi. Waliowahi kufanya wanajua ile raha. Halafu unatoboa matundu, kila moja kama milimita 0.8, na keekee ndogo inayovunjika ukipumua vibaya.

Printa za leza zilipoingia majumbani, mtu akagundua kwamba wino wake ni unga wa plastiki, na plastiki ikipata moto inayeyuka na kushika. Sijui nani alikuwa wa kwanza, na sidhani kama atajulikana. Unachapa mchoro wako kwenye karatasi inayong'aa, hata kurasa za magazeti ya mitindo zilitumika, unaulaza juu ya shaba, unapiga pasi. Pasi ya nguo, hii hii. Unaloweka kwenye maji, unabandua karatasi, wino unabaki kwenye shaba. Tazama mzunguko wenyewe: Eisler alichukua wazo kwenye uchapaji wa magazeti, na miaka 60 baadaye watu wanachapa bodi kwa karatasi za magazeti na pasi ya mama.

Ila bei ya kukosea ilikuwa kubwa. Umesahau kugeuza mchoro kabla ya kuchapa? Bodi imetoka kama kwenye kioo, miguu ya chipu iko upande wa pili, usiku wote umeenda. Na dawa iliyotumika huwezi kumwaga tu, ina shaba ndani, inaua viumbe vya majini na inakula mabomba. Ndo maana wengi waliishia bodi mbili tatu, wakaacha.

Turudi nyuma kidogo, Machi 1975, Menlo Park, California. Watu kama thelathini wanakutana kwenye gereji ya mtu kuzungumzia kompyuta za kuunda mwenyewe. Miezi miwili kabla, gazeti la Popular Electronics lilikuwa limeweka kwenye jalada Altair 8800, kompyuta ya kununua ikiwa vipandevipande. Klabu ikaitwa Homebrew, jina linalotumika pia kwa pombe ya kutengeneza nyumbani. Yaani gongo, kwa lugha yetu.

Kwenye klabu hiyo kulikuwa na kijana mpole sana, fundi hatari, aliyebuni kompyuta yake na kugawa mchoro bure kwa wenzake. Watu wakaupenda. Lakini wengi hawakuwa na muda wala mkono wa kuunga mamia ya waya kutoka kwenye karatasi. Rafiki yake, ambaye hakuwa mpole, ndo akaona dili: tusiuze kompyuta, tuuze bodi tupu. Itutoke kwa dola 20, tuuze 40, mtu akalehemu kwake. Hela ya kuanzia ikatoka kwa mmoja kuuza gari lake na mwingine kikokotoo chake. Baadaye duka moja likataka bodi 50 zilizokamilika na kuahidi dola 500 kwa kila moja, na mpango wa bodi tupu ukabadilika. Sitawataja. Simu ya kampuni yao nusu ya mnaosoma hapa mnayo au mnaiota.

Mnaona kilichotokea. Mchoro ulikuwa bure tangu siku ya kwanza, na haukuenda mbali. Kilichoufikisha mezani kwa watu ni bodi, kwa sababu kwenye bodi makosa ya kuunga nyaya yameshamalizwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote.

Na mchoro je, mtu wa kawaida atachoraje? Programu za kuchora bodi zilikuwa za makampuni makubwa. Wajerumani walileta EAGLE mwaka 1988, na baadaye toleo la bure lenye mipaka: bodi isizidi milimita 100 kwa 80. Watu wakajifunza kubana sakiti kwenye eneo hilo kama tunavyobanana kwenye daladala. Mwaka 1992 Mfaransa mmoja, Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo kule Grenoble, akaanzisha KiCad, bure, bila mipaka, kila mtu ruksa kuifungua na kuibadilisha. Miaka mingi ilikuwa ngumu kutumia kweli, tusidanganyane. Miaka ya 2010 CERN, wale wa kugonganisha chembe za atomu pale Geneva, wakaweka nguvu zao humo, na sasa ni programu ya maana inayokaa kwenye laptop ya kawaida.

Halafu Italia, mji wa Ivrea. Mwanafunzi kutoka Colombia, Hernando Barragán, mwaka 2003 alifanya kazi yake ya shahada ya uzamili: bodi na programu ya kuwarahisishia wasanii kutumia elektroniki. Akaiita Wiring. Mwaka 2005, kwenye chuo hichohicho, timu nyingine ikatoa bodi ya bei nafuu iliyojengwa juu ya kazi hiyo, ikaitwa Arduino. Hiyo mnaijua. Barragán hakuwemo kwenye timu, na mwaka 2016 akaandika upande wake wa stori kwa urefu. Mi nasema jina lake litajwe kila Arduino inapotajwa, lakini nani ananisikiliza.

Kilichobaki kikawa bei ya kiwanda. Zamani kiwanda hakikuwashi mashine kwa ajili ya mtu mmoja mwenye bodi moja. Wapenzi wa elektroniki pale Portland, Marekani, wakafanya kama sisi tunavyochangia basi la kwenda msibani: kila mtu alete mchoro wake, tuupange kwenye bati moja kubwa, tugawane gharama. Ikakua ikawa OSH Park, wenye bodi za zambarau, dola 5 kwa kila inchi ya mraba, unapata nakala tatu. Kisha viwanda vya China vikaingia kwa nguvu, bodi tano za sentimita 10 kwa 10 kwa dola chache. Beseni la dawa likawekwa uvunguni.

Sasa mtu anayeanza leo hapa Dar au Nairobi yuko wapi kwenye stori hii? Nairobi walishaonyesha. Mwaka 2013 timu ya pale ilileta BRCK, kifaa cha intaneti kinachovumilia umeme kukatika, na wakakichangisha hela mtandaoni. Kwa mtu wa geto mwenye laptop, programu ni bure, masomo yako YouTube, na chuma cha kulehemu hakiui bajeti. Bodi yenyewe inaweza kuwa rahisi kuliko chakula cha mchana. Tatizo ni usafiri. Nauli ya kifurushi inaizidi bodi, au unachagua ile ya bei chee na unasubiri wiki nyingi. Kwa hiyo kwetu bei ya kukosea imehamia kwenye kalenda. Mwenzako aliyeko Shenzhen akikosea Jumatatu ana bodi mpya kabla ya wikiendi. Wewe ukisahau mguu mmoja wa kapasita, tukutane mwezi ujao.

Ndo maana wazoefu wana kamchezo ka kizamani. Kabla ya kutuma faili kiwandani, chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uweke mezani, uchukue vifaa vyako vya kweli na uvilaze juu ya alama zake kimoja kimoja. Chipu inakaa? Soketi ya chaja imetazama nje au imetazama ndani? Matundu ya skrubu yanalingana na kasha? Karatasi moja ya stationery inaokoa mwezi. Rezista ndogo za siku hizi zina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, kwa hiyo fanya hivyo feni ikiwa imezimwa.

Na kuna mafundi ambao hawajaacha beseni, kwa sababu hiyohiyo ya kalenda. Shaba inalika jioni, kesho asubuhi bodi ipo, mbaya kwa sura lakini inafanya kazi. Wanaijaribu hiyo kwanza, na ikikubali ndo wanaagiza nzuri ya kijani.

Kama umo humu na umewahi kupiga bodi kwa pasi, shuka kwenye maoni utuambie ulitumia karatasi gani. Na kama pasi ilikuwa ya mama, tuambie ilikuwaje aliposhika shati jeupe.